Alama Nne Zuliani

Mwalimu wa picha, Jumanne jioni, Leicester, maktaba ya mtaani,
aliandika ubaoni neno moja la Kiingereza
akasema: lipigeni picha, mna wiki nne.
Nikapanda nalo basi, likanisumbua njia nzima.
Kwetu neno hilo halina nyumba moja.
Lina zamu, lina kuhama, lina kusogea na kuteleza,
na kule kuinama kwetu abiria wote
basi lilipokata kona ya Melton Road,
kama waumini nyuma ya imamu mmoja.

Nilianza na zamu, maana ndiyo inayonilisha.
Kiwanda cha mikate, saa kumi na mbili kasoro dakika mbili,
Oktoba, giza bado limeegesha kati ya magari.
Wanaotoka wana unga kwenye nyusi.
Wanaoingia wana nywele mbichi na harufu ya dawa ya meno.
Hawasalimiani; wanaachiana mlango,
na kitasa kinabaki na joto la mkono
kwa anayekuja.
Hapo nilirudi asubuhi nyingi.

Usiku ule saa zinaporudishwa nyuma
Clive msimamizi alipanda ngazi,
akausukuma mshale kwa kidole, toka nane hadi saba.
Saa nzima ikafutwa kama chaki, tukaifanya upya:
mikate ileile, mgongo uleule.
"Italipwa?" Zbigniew akauliza.
Clive akashuka taratibu, akikitazama kila kipago.
Picha hiyo ninayo. Imetikisika.
Mwalimu akasema kutikisika ni kosa, nikatafute stendi ya kamera.
Ilitikisika ngazi, mwalimu, si mimi.
Sikumwambia.

Kuhama nilikufuata kwa Hansaben, mlango wa tatu,
mzaliwa wa Bukoba, nyuma ya magunia ya chumvi ya baba yake.
Kiswahili chake kimesimama mwaka ule alioondoka;
bado ananihesabia kwa thumuni.
Nilidhani atanitolea sanduku la safari. Hana.
Lilikula kutu, likatupwa.
"Panda juu mwenyewe," akasema, "goti limegoma.
Watoto wamenishushia kitanda, sasa nalala na friji,
linakoroma kuliko marehemu."

Juu, chumba kitupu.
Zuliani alama nne,
pale miguu ya kitanda iliposimama miaka arobaini na mmoja.
Niliingiza kidole, kikazama hadi kwenye kucha.
Nikapiga magoti, nikangoja.
Jua likaja dirishani kwa shida, likajaza alama moja
kama chai kwenye kisosi,
likaimwaga, likaenda kwa jirani yake.

Mwanangu Feruzi aliniuliza, "Mama, tunarudi nyumbani lini?"
Tulikuwa Tanga, mwezi wa saba, barazani kwa bibi yake.
Bibi akaendelea kupeta mchele.
Kamera ilikuwa mapajani mwangu.
Hilo sikulipiga.

Filamu iliporudi, fundi aliomba radhi kabla ya salamu:
utepe umeteleza mahali, dada,
picha mbili zimelala kitanda kimoja.
Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha lake.
Zamu nzima ya usiku inatoka kazini, nyusi nyeupe,
inakatiza chumba cha Hansaben bila kubisha hodi,
na yule wa mbele, sijui ni nani, uso umeungua kwa taa,
kiatu chake kimetua ndani ya alama moja
barabara, kama kilipimwa.

"Niitupe?"
Nikamwambia aikuze, nakala mbili.
Moja ya mwalimu, aseme atakalo.
Moja itundikwe chini kwa Hansaben, juu ya friji,
awaone wanaolala kule juu siku hizi.